Mtani Wangu Aliponiamkia

Kwa miaka sita nilifanya kazi na mtu ambaye hakuwahi kunisalimia kwa adabu, na nilimpenda kwa hilo. Mimi ni muuguzi, mwanamke wa makamo, Msagara wa milimani upande wa Kidete. Nimesomeshwa na walimu wa misheni waliotufundisha kwamba mtoto asiyeamkia wakubwa afadhali abaki na mbuzi. Yeye alikuwa mhudumu wa wodi katika kituo chetu cha afya hapa Kilosa. Alifagia, alisukuma machela, alibeba mitungi ya oksijeni, alimshika mgonjwa mkono wakati mimi natafuta mshipa. Nimemzidi miaka kumi na mitano. Kwa desturi yetu alipaswa kuniamkia kila asubuhi kabla sijavuka kizingiti. Lakini yeye ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa na kazi za mkonge, akazaa, akazeeka na kuzikwa hukuhuku, na Wanyamwezi na sisi ni watani.

Kwa hiyo asubuhi zangu zilianza hivi:

"We mjukuu! Umeshuka mlimani saa ngapi? Au bado mnajificha mkisikia msafara wa babu zangu unapita?"

"Nyamaza, mpagazi. Mlibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikaingia kifuani. Hebu inyooshe yako tuione."

Wagonjwa waliokuwa na nguvu walicheka, wasio na nguvu walitabasamu. Daktari mmoja kijana aliyekuja kutoka mjini alidhani tunagombana kweli, akatuita pembeni kutupatanisha. Tulimwacha aseme mpaka akamaliza, ndipo tukamweleza. Aliona haya wiki nzima.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Sina haja ya kuueleza, kila mtu anaukumbuka kwa namna yake. Wengine waliuita korona, wengine changamoto ya upumuaji, na kwetu wodini haukuwa na jina siku nyingi, tulisema tu "wale wa nyuma". Wodi ya nyuma ilikuwa stoo ya vitanda vibovu kabla haijasafishwa. Tuligawanywa, nami nikapangwa nyuma, na yeye akajitolea. Nilimwuliza kwa nini, akasema hawezi kumwacha mjukuu wake peke yake na watu wazima. Alipanga chumba karibu na kituo, akaacha kwenda kwake Mikumi alikokuwa na mke na binti mdogo. Aliogopa kuwapelekea ugonjwa.

Tukivaa yale mavazi meupe ya kujikinga, pamoja na barakoa na miwani, hatukutambuana. Mgonjwa alikuwa anaona vitu vyeupe vinaelea. Mtani wangu akaleta maka peni, akamwandika kila mtu kifuani ajulikane ni nani. Mimi aliniandika MUUGUZI, nikamshukuru. Nilizunguka na dawa asubuhi nzima nikiona macho ya wagonjwa yananifuata nikigeuka. Mama mmoja wa Msowero, ambaye pumzi zake zilikuwa za taabu kweli, akaanza kucheka mpaka kile kipimo cha kidoleni kikalia. Kumbe mgongoni aliniandika MJUKUU WA MPAGAZI. Nilimfokea mtani wangu vibaya mno, nikamwambia atamwua mtu kwa mzaha wake. Yule mama alipona, na siku ya kutoka aliomba kumwona mpagazi kwa macho yake. Siku ile nilikuwa na furaha sana, ingawa sikumwambia.

Sikumbuki vizuri siku yenyewe mambo yalipobadilika. Nakumbuka tu kwamba kulikuwa na ukungu upande wa mlima, nami nilikuwa navuka uwanja wa kituo nikiwa nimeandaa jibu langu la asubuhi. Mtani wangu alikuwa ameegemea nguzo ya varanda. Akasimama wima, akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba," nikasema, nikapita.

Hilo ndilo kosa ninaloandika habari zake. Niliitikia. Tena niliitikia kwa kujisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akipewa heshima huipokea. Kesho yake akaniamkia tena. Wiki nzima akaniamkia, nikaitikia, mpaka nikamwambia metroni wetu kwamba ugonjwa huu umemfunza hata Mnyamwezi adabu. Metroni akasema ni kweli, ametulia siku hizi, anafanya kazi ya watu watatu na hasemi neno. Tulimsifu. Watu wazima wawili, wenye vyeti vya uuguzi, tulisimama tukasifu dalili.

Wakati huohuo zililetwa fomu za kupima hali ya akili ya watumishi. Zilikuwa nzuri, sizisemi vibaya. Ziliuliza kama katika wiki mbili zilizopita umejisikia mwenye huzuni, kama umekosa usingizi, kama umewahi kuona maisha hayana maana. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzikusanya. Tulizijaza tukiwa tumesimama, kwa kalamu moja iliyozunguka, kila mtu akichungulia ya mwenzake, na wote tuliweka alama kwenye hapana kuanzia juu mpaka chini. Hapa kwetu mtu akiulizwa habari atasema nzuri, hata kama nyumba inaungua, kisha ndipo aombe maji. Niliziweka fomu zile kwenye bahasha nikazifunga. Yake ilikuwemo, hapana zote zimepangwa vizuri.

Wiki ya tatu aliruhusiwa mgonjwa mmoja tuliyekuwa tumeshamkatia tamaa. Alitoka akitembea kwa miguu yake. Wodi nzima ilichangamka, nami nilitoka nje nikiwa mwepesi, nikamwona mtani wangu anavuka uwanja na mtungi wa oksijeni begani. Ulimi wangu ukarudi wenyewe.

"We mpagazi! Huo mzigo unaupeleka Tabora au umepotea njia?"

Akasimama. Akautua mtungi chini polepole, akageuka, akaniangalia.

"Samahani, sista," akasema. "Sitarudia."

Ningemtukana babu yake, mama yake na kijiji chao chote, alichopaswa kufanya ni kunirudishia maradufu. Mtani haombi radhi. Sijawahi kusikia popote mtani akiomba radhi, na pale uwanjani, mbele ya nguo zilizoanikwa, huyu wa kwangu alikuwa anasubiri nimsamehe. Nilimsogelea zaidi ya tulivyoruhusiwa. Macho yake hayakuwa na machozi wala hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayesikiliza kitu kingine.

"Baiskeli yako iko wapi?" nilimwuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo kwanza. Nadhani ni kwa sababu nguzo aliyozoea kuiegemezea ilikuwa tupu.

"Nimempa mlinzi."

"Umemkopesha?"

"Nimempa. Mimi sina safari nayo tena."

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Najua maana ya mtu kugawa vitu vyake huku amekuwa mpole. Nilijua palepale kwamba mtani wangu alikuwa anaaga, na kwamba zile shikamoo zote nilizozipokea zilikuwa za kuaga. Nilimshika mkono, glavu kwa glavu, nikamwambia hatuachani siku hiyo, akienda msalani nitasimama mlangoni. Hakubisha. Nilikwenda naye hivyohivyo kwa daktari kiongozi wa kituo, nikasema mbele yake, bila kuzunguka, kwamba huyu anataka kufa na ni lazima arudishwe kwa mkewe leo, kesho aonwe na wataalamu. Daktari alimwuliza kama ni kweli. Akatazama sakafu. Daktari akatoa ruhusa kwa maneno, makaratasi akasema yatafuata.

Gari letu lilikuwa linakwenda Mikumi mchana ule kufuata mitungi. Tulikaa nyuma wawili, madirisha wazi, vumbi lote likaingia. Barabara hiyo hupita Ulaya, kijiji chetu chenye jina la makuu, na hakuna mtu wa Kilosa anayepita pale bila kusema kitu. Mtani wangu ndiye aliyekuwa na mzaha mrefu kuliko wote kuhusu Ulaya, wenye koti, ndege na mchicha. Nilisubiri. Tulipita nyumba ya mwisho, hakusema. Nikajaribu kuusema mimi, nikaukosea katikati. Dereva alicheka kwa kunihurumia.

Baada ya Ulaya akaanza kuongea mwenyewe, akitazama mashamba.

"Unamkumbuka yule mzee wa Zombo?"

Nilimkumbuka. Msagara mwenzangu, mzee mwembamba, alikaa nasi siku kumi na moja. Mtani wangu alimlisha uji kwa kijiko na kumtukana kila kijiko. Alikuwa anamwambia, "Ukifa wewe, mimi ndiye wa kwanza kuingia kaburini. Nitalala humo mpaka ukoo wako wote unibembeleze nitoke." Ndivyo watani wafanyavyo kwenye misiba yetu. Watu wakiwa wamezidiwa na kilio, mtani huruka ndani ya kaburi, au huiga namna marehemu alivyotembea, na mjane hucheka akiwa hajui kama bado analia. Mzee alimjibu, "Basi uje kweli. Usinidanganye."

"Alikufa zamu yangu," mtani wangu akasema. "Mimi ndiye niliyekwenda kumzika, na wenzangu wawili. Nimevaa yale mavazi. Ndugu walisimama mbali, watu wanne tu. Nikasimama ukingoni, nikasema sasa. Mdomo ukagoma. Nikasema hata neno moja tu, nimwite jina la mzaha, asikie. Mdomo ukagoma, sista. Mjane alikuwa ananitazama. Alikuwa ananiogopa. Aliona mtu mweupe hana uso. Nikashika koleo, nikafukia."

Gari lilirukaruka.

"Baada ya yule nimezika wengine. Wote hawakupata mtani. Wamekwenda kimyakimya kama waliofanya kosa. Sasa nikikuona wewe Msagara asubuhi, naona sina haki ya kukutania. Ndiyo maana nakuamkia. Naona hiyo ndiyo imebaki."

Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu kutoka kwenye semina, na hakuna hata moja lililokaa vizuri mdomoni. Nilimwambia tu ukweli: kwamba nilifurahia kuamkiwa, kwamba niliitikia wiki tatu, kwamba nilimsifu kwa metroni. Nilimwambia naona aibu. Alinigeukia, mara ya kwanza tangu tutoke Kilosa, akanitazama kwa mshangao kidogo, kisha akarudisha macho dirishani. Leo tukikumbushana anadai kwamba aliponigeukia alikuwa anaangalia buibui kwenye kilemba changu. Simwamini.

Tulipita Zombo bila kusimama. Najua hadithi nzuri ingesimama hapo, mjane akatoka nje, wakaonana, yakaisha. Nilimwuliza kama anataka tusimame. Alitikisa kichwa kwa nguvu sana mpaka dereva akakanyaga mafuta bila kuambiwa.

Mikumi tulifika jua likiwa bado kali. Malori yalikuwa yamepanga foleni kando ya barabara kuu na nyani wawili walikuwa wanakagua turubai la mojawapo kama maofisa wa mizani. Nyumba yake iko nyuma kidogo, mtaa wa pili. Mkewe nilikuwa nimempigia simu. Ni Msagara, kwa hiyo huniita dada hata kabla hatujajuana vizuri. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ufagio ambao hakuwa anafagilia. Binti yao alikuwa amepelekwa kwa jirani.

Mtani wangu alisimama njiani, hatua kumi hivi, akakataa kusogea.

"Sijapimwa," akasema. "Usije."

Mkewe aliweka ufagio chini. Alivuka zile hatua zote, akamshika kiganja, akamvuta kama mtu anayemtoa mtoto mtoni.

"Nilikuwa nataka kufa," alimwambia mkewe. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, pale uani, kuku wakipita.

"Nimesikia," mkewe akasema. "Ingia ndani ule."

Alikula. Alikula wali na kisamvu akiwa ameketi mkekani, sahani mapajani, mkewe amekaa ubavuni pake anamtazama kila tonge. Hakumwuliza maswali. Alipomaliza, mkewe alimlaza palepale kwenye mkeka, akamfunika khanga, na mwanamume yule mkubwa akalala mchana kweupe huku malori yakinguruma barabarani. Mkewe alikusanya vitu vyote vyenye hatari ndani ya nyumba, kimoja kimoja, akavipeleka kwa jirani. Sikumwelekeza. Alirudi akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga. Nilijiona nimemaliza kazi. Dereva alikuwa amepakia mitungi na anapiga honi.

"Dada," mkewe akasema, "mbona unanitazama kifua?"

Nikashtuka.

"Tangu umeingia unanitazama kifua. Na mdomo unatikisika. Unahesabu nini?"

Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nilikuwa nimeshafika kumi na nane. Nilihesabu pumzi za kila mtu: za muuza nyanya sokoni, za mchungaji akihubiri, za watoto wangu walipolala, mpaka mkubwa akaniomba nisiingie tena chumbani kwao. Nilihesabu za dereva njia nzima huku mtani wangu akiongea. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Sikuwa nimejiambia hata mimi, maana nilijikaza kisabuni na nikaona kujikaza ndiyo kazi yenyewe.

"Nahesabu pumzi," nikamwambia.

"Tangu lini?"

Nilitaka kusema tangu jana, au kwamba ni mazoea ya kazi. Nikaanza kulia, si kwa staha. Nililia kwa sauti, nikiwa nimeketi kwenye nyumba ya watu, mpaka mtani wangu akajigeuza mkekani na mkewe akainuka kunifungia mlango wa nje. Hakuniambia ninyamaze. Alikwenda njiani, nikamsikia anamwambia dereva, "Baba, nenda tu. Dada anabaki."

Nilivua viatu.

Kesho yake asubuhi tulipanda basi la Morogoro, sisi watatu. Njia ile inakata hifadhi katikati, abiria wote waligeukia upande mmoja kuangalia tembo, na mtani wangu naye alitazama, kidogo. Nilimwona akitazama, nikafurahi. Mkewe alikaa katikati yetu, mkono mmoja kwake, mmoja kwangu, na hakuna aliyetuuliza udugu wetu ni upi. Kliniki ya afya ya akili ilikuwa mwisho wa korido ndefu. Niliijua korido ya namna hiyo, maana maisha yangu yote nimetembea ndani yake nikiwa nimevaa sare. Dirishani alikaa mhudumu mwenye barakoa ya bluu, kalamu tayari.

"Mgonjwa ni nani?"

Mkewe akamtazama mumewe. Mumewe akanitazama mimi. Kitambulisho changu cha kazi kilikuwa mkobani, na ningeweza kukitoa, kumwambia mimi ni muuguzi, nimemsindikiza huyu. Angenipa kiti ndani, angeniita sista, na mimi ningeeleza historia ya mgonjwa vizuri kabisa.

"Tuko wawili," nikasema.

Alivuta faili la pili bila kuinua kichwa, akauliza majina. Nilitaja la mtani wangu kwanza, kisha langu. Mtani wangu alikwenda kwenye benchi la kusubiria, akasogea mpaka mwisho kabisa ili nipate nafasi, nikakaa karibu naye.